Siku Niliyoomba Watu wa Kisaju Maoni

Nianze kwa kukiri, msije mkasema nilificha: aibu niliyopata Kisaju niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili, nikaiwekea muziki, nikaitafutia ukumbi, halafu nikampigia pasta magoti aitangaze kanisani ili isikose hata mtu mmoja. Watu wengine aibu huwapata njiani wakienda zao. Mimi yangu niliipangia viti.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na tatu, nne hivi, na nilikuwa nafanya kazi kwa studio ya picha hapo Kitengela. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa naambia watu "inua kidevu kidogo" wakitaka picha za kitambulisho. Kitengela ya wakati huo ilikuwa vumbi, mbuzi, na vibao vya "ploti hii haiuzwi", na kila Jumamosi kulikuwa na harusi, kwa hivyo mwenye studio akaona heri anunue kamera ya video. Siku ya kwanza niliposhika hiyo kamera nikajua Mungu hakunitoa Matuu kuja kupiga watu picha za pasipoti. Nilikuwa dairekta. Ilikuwa imebaki tu dunia ijulishwe.

Sasa, kuta mbili kutoka kwetu kulikuwa na duka la dawa za mifugo, na ndani ya hilo duka kulikuwa na msichana anaitwa Nashipae, wa kutoka Kisaju, umri kama wangu, miaka ishirini na nne hivi, na sauti ya pole hata akikuelezea minyoo. Saa za chakula alikuwa anakuja studio kunywa chai na sisi. Nyinyi mnanijua, mimi mdomo ninao, nikianza kuongea hata redio inazimwa. Lakini mbele ya Nashipae nilikuwa bubu. Mwaka mzima nilimwambia maneno matatu ya maana na yote yalikuwa kuhusu kupe. Nilimpenda, jameni, nilimpenda mpaka nikanunua dawa ya ng'ombe na sina ng'ombe.

Basi wazo likanijia nikioga. Kama mdomo umekataa, si kamera iko? Nitatengeneza filamu fupi, dakika ishirini tu, hadithi ya kijana anaitwa Musa anayempenda msichana wa Nairobi anayemdharau, anamfuata, anadharauliwa tena, na wakati huo wote msichana mzuri wa jirani yuko pale pale na yeye hamwoni. Mwisho Musa anafunguka macho, anamwomba huyo wa jirani awe mke wake. Nikaiita "Penzi Lililokosa Anwani". Musa nitakuwa mimi, msichana wa jirani atakuwa Nashipae, na tutaionyesha Kisaju mbele ya watu wake, ili akijiona kwa televisheni akiombwa na mimi, ajue ni yeye kweli ninayemwomba. Mlishasikia ujanja kama huo? Mimi pia sijawahi kusikia tena.

Hapo ndipo nilifanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kabisa, na kila kitu kingine kilitoka hapo: sikumwonyesha Nashipae hadithi. Nilitaka iwe sapraizi. Nilimwambia tu, "Nitakuwa nakupa maneno yako siku hiyo hiyo, waigizaji wakubwa ndivyo wanafanya." (Uongo. Sikujua mwigizaji yeyote, mkubwa wala mdogo.)

Kamera ilikuwa inashikwa na rafiki yangu Mbugua, kijana wa Nyeri tuliyekuwa tunafanya naye kazi, ambaye pia alikuwa anapiga kinanda kanisani kwao. Na ukumbi ulikuwa wa kanisa la Kisaju, ambalo pasta wake alikubali haraka sana, halafu akainua kidole. "Lakini, Kyalo. Hakuna kukumbatiana. Hakuna kushikana mikono. Na midomo, kila mtu akae na yake."

Mimi na Mbugua tukakaa kwa ngazi ya studio tukaanza kuhesabu mwili wa binadamu. Kwa sababu lazima kuwe na mahali Musa anamgusa yule msichana, ama namna gani watu watajua anampenda? Mkono pasta amekataa. Bega linaelekea kwa kukumbatia. Shavu liko karibu sana na mdomo. Tukazunguka, tukazunguka, mwisho Mbugua akasema, "Kichwa. Kichwa hakina dhambi." Nikamkumbatia Mbugua kwa furaha. Nikaiona picha yenyewe: msichana anaangalia chini kwa haya, Musa anamwekea mkono juu ya kichwa, taratibu, muziki unapanda.

Nyinyi mliokaa na Wamaasai mmeshaanza kucheka, ngojeni kwanza. Kwa wale ambao hawajui: kwa Wamaasai mtoto akikutana na mtu mzima anainamisha kichwa, na yule mtu mzima anamgusa pale juu, hiyo ndiyo salamu. Anayegusa ni mzazi, anayeguswa ni mtoto. Vijana wa rika moja wanasalimiana kwa mkono kama watu wote. Na mimi nilikuwa nimekaa Kitengela miaka mitano! Hiyo salamu nilikuwa naiona kila siku ya Mungu, watoto wakitoka shule wanawaendea wazee wameinama vichwa. Macho yaliona, lakini akili ilikuwa kwa muziki. Na Mbugua wa Nyeri ndiye alikuwa mshauri wangu wa mila.

Siku ya kupiga filamu tukaenda Kisaju, nje ya ua wa kina Nashipae. Nilikuwa nimeazima koti la mjomba wangu, lile la kahawia la harusi yake, na kofia, nionekane kama mwanaume aliyejipanga. Koti lilikuwa linafika karibu na magoti. Nashipae akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia, akatabasamu.

"Na ulivyovaa hivyo," akasema, "kwa hii filamu wewe ndiye mzee wangu?"

Wueh! Ngojeni niwaeleze hilo neno, kwa sababu limenila. Hapa kwetu bara mzee ana kazi mbili. Msichana akisema "mzee wangu", anasema baba yake. Mama wa watu akisema "mzee wangu", anasema bwana yake. Neno ni hilo hilo moja, inategemea ni nani amelisema, na mtu mwenye akili timamu angejua msichana hajaolewa ana mzee mmoja tu. Mimi akili timamu siku hiyo niliiacha Kitengela. Nilisikia bwana. Nilisikia Nashipae, kwa mdomo wake, mchana, mbele ya shahidi, akiniita bwana yake kabla hata sijamwomba.

"Ndio," nikasema, sauti ikapanda juu mpaka nikakohoa. "Mimi ndiye mzee wako."

"Sawa basi," akasema, na nilipoinua mkono akainamisha kichwa vizuri kabisa, bila kufundishwa, nikamgusa. Mbugua akasema turudie. Tukarudia. Nikasema turudie tena kutoka upande wa jua. Mara tatu, jameni.

Na huyo msichana alinisaidia! Aliniambia, "Mzee wangu hatembei haraka hivyo." Nikapunguza mwendo. "Mzee wangu akiongea hapungi mikono." Nikaweka mikono mfukoni, huku moyo unaruka, nikijiambia ona, ameshaanza kunirekebisha, huyu tayari ni mke. Akaingia nyumbani akatoka na fimbo ya baba yake. "Shika hii. Mzee bila fimbo ni nini?" Nikashika. Sikujiuliza hata kidogo mbona Musa, kijana wa miaka ishirini na nne, anahitaji fimbo.

Ilipofika maneno yake nikampa karatasi. Ilikuwa imeandikwa: "Nimekubali kwa moyo wote."

"Nimekubali nini?" akauliza.

"Utaona siku ya kuonyesha."

Akafikiria kidogo (baadaye nilijua alifikiri baba anamwambia arudi chuo), akaangalia kamera, akasema na hiyo sauti yake ya pole, "Nimekubali kwa moyo wote, mzee wangu." Hilo "mzee wangu" aliliongeza mwenyewe, mimi sikuliandika, naapa. Njiani kurudi Kitengela nilikuwa naimba.

Sehemu ya kumwomba nilipiga Kitengela ndani ya studio, mimi peke yangu, uso mbele ya kamera, bado na koti na fimbo: "Penzi langu lilikuwa limekosa anwani. Leo limefika. Naomba uwe mke wangu." Tukaunganisha vipande, Mbugua akaweka kinanda, na ile sehemu ya mkono na kichwa tukaipunguza mwendo, ikawa inaenda polepole, mkono unashuka, unashuka, unatua. Niliangalia hiyo sehemu peke yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu.

Ikafika Jumapili yenyewe. Baada ya ibada tukafunika madirisha na mashuka ya watu mpaka kanisa likawa na giza jekundu, tukaweka televisheni juu ya meza mbili, deki ya video chini yake, jenereta nje. Watu walijaa. Akina mama na shanga zao za Jumapili, vijana wamekaa kwa madirisha, watoto chini, na mbele kabisa wazee, na katikati ya wazee Mzee Parmuat, baba yake Nashipae, amekaa na ile fimbo.

Nikaenda kumsalimia.

"Supa, mzee."

"Ipa." Akanipa mkono, akaushika kwa muda. "Nimeambiwa wewe ndiye mzee wa Nashipae."

Kumbe ameshaambiwa! "Ndio, mzee."

"Fimbo ilikusaidia?"

"Sana, mzee."

"Vizuri. Hiyo kazi si rahisi. Leo tutaona kama unatosha."

Nilikimbia kwa Mbugua nikamwambia, "Mzee anajua! Anajua na hajakasirika, anasema ataona kama ninatosha!" Mbugua akanipiga mgongo akasema, "Shemeji wa Wamaasai." Tukaanza.

Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa. Yule msichana wa Nairobi alikuwa sauti tu kwa simu (dada yake Mbugua, hakutaka uso wake uonekane), na alipomtukana Musa watu walicheka vizuri. Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana mbele, Koko, kila mtu alimwita hivyo, nyanya yake Nashipae, ambaye macho yalikuwa hayaoni vizuri kwa hivyo alikuwa anaambiwa kinachoendelea na yeye anatoa hukumu kwa sauti. Mimi niliposhuka kwa ile njia na koti na fimbo, polepole, watu wakasema "mmmh" kwa heshima. Nilipomgusa Nashipae kichwa, Koko akasema kitu kwa Kimaasai na akina mama wakakubali. Nikamuuliza kijana aliyekuwa karibu amesema nini.

"Anasema huyo baba ana adabu."

Nikafikiri amekosea kutafsiri.

Mara ya pili nikamgusa, kwa mwendo wa polepole, kinanda kikipanda. Mama mmoja akapangusa machozi. Mzee Parmuat akaangalia nyuma, akanitafuta, akaitikia kwa kichwa kwamba vizuri. Niliona mbingu, nawaambia. Halafu uso wangu ukajaa televisheni nzima, na jasho, na kofia ya mjomba, nikasema: "Naomba uwe mke wangu."

Ukasikia jenereta tu.

Na Nashipae wa kwenye televisheni, bila kuharakisha, akajibu: "Nimekubali kwa moyo wote, mzee wangu."

"Enkai ai!" Hiyo ilikuwa Koko, akimwita Mungu wake kwa Kimaasai, ameshaambiwa, amesimama. "Zima! Zima hiyo kitu!" Akina mama wakaanza kufunika macho ya watoto kwa shuka, kijana mmoja wa dirishani akaanguka nje (hakuumia, alikuwa anacheka), na pasta, maskini, aliyekuwa amezuia mikono na midomo na makumbatio, akasimama katikati akiangalia televisheni, akiniangalia mimi, akitafuta ni sheria gani imevunjwa kwa sababu zake zote nilikuwa nimezifuata. Na filamu bado inaenda! Mkono unashuka kwa kichwa mara ya tatu, polepole, na kinanda. Nikamwambia Mbugua azime, Mbugua kwa haraka akabonyeza kitufe kingine, picha ikaanza kurudi nyuma, mkono ukatoka kichwani, akabonyeza tena, ukarudi, ukatoka. Ni pasta aliyekwenda nje akazima jenereta.

Mtu mwingine angechukua kanda yake akatoka na mlango wa nyuma. Lakini mimi nilikuwa bado sijaelewa! Nilidhani wamecheka kwa sababu ni furaha, ama kwa sababu ya koti. Na nilikuwa nimeahidi maoni ya watazamaji, nimeazima maikrofoni ya kanisa kwa kazi hiyo hiyo, na kichwa changu cha Kikamba kikishapanga kitu hakibadiliki. Nikaomba jenereta iwashwe tena. Mashuka yakatolewa, mwanga ukaingia, nikasimama mbele nikasema, "Bwana asifiwe. Hatutoki bila maoni."

Waliitikia vizuri sana. Mikono iliinuka mingi kuliko siku ya kuuliza nani anataka kuokoka.

Kijana wa kwanza alishika maikrofoni akasema, "Filamu ni poa. Lakini mama ya huyo msichana ako wapi? Amejulishwa?"

Kicheko. Nikaandika kwa daftari: *mama yuko wapi.*

Mama mmoja akasimama, mkubwa, wa kuimba kwaya. "Mimi nauliza tu, nielimishwe. Huyu baba akienda kwao kumwomba huyo msichana, ataomba nani? Atajiitikia hodi mwenyewe?"

Watu wakalala kwa viti kwa kicheko. Na mimi, mbele ya kanisa zima, kwa maikrofoni, nikauliza, "Baba gani?"

Kama kuna wakati mtu amewahi kuuliza swali la kijinga Kajiado nzima, ni huo. Hata waliokuwa wamenyamaza wakaanza. Koko akaitisha maikrofoni, akaongea Kimaasai kwa muda mrefu, na mkono akiunyoosha kwangu, na alipomaliza akanirudishia maikrofoni, na yule kijana wa kutafsiri akasimama akasema, "Anasema yuko na maoni, lakini hapa ni kanisani."

Ndipo Mzee Parmuat akasimama na fimbo yake na watu wakatulia.

"Mimi nilikuja," alisema, "kwa sababu mtoto wangu aliniambia kuna kijana wa Kitengela ataigiza mzee wake. Nikasema sawa, nikampa fimbo yangu. Na ameshika fimbo vizuri. Ametembea vizuri. Amemshika mtoto kichwa vizuri, mara tatu, mpaka nikasema huyu kijana amelelewa." Akanigeukia. "Sasa, ndugu yangu. Nakuita ndugu kwa sababu mtu akiwa baba ya mtoto wangu, huyo ni ndugu yangu. Na mtu haoi mtoto wa ndugu yake. Kwa hivyo tuambie tuelewe. Wewe ni baba, ama wewe ni nani?"

Hapo ndipo iliniingia. Yote, kwa mara moja. Mzee wangu. Fimbo. Utembee polepole. Ile "unatosha". Niliwaona wale watoto wa shule wote wa miaka mitano wakipita mbele yangu wameinamisha vichwa. Joto likatoka kwa miguu likapanda mpaka masikio, na ningesema tu "pole, mzee, nilikosea mila," watu wangenisamehe, wangecheka, tungekunywa chai. Lakini uchungu wa mwaka mzima wa kuongea kupe ulikuwa umenijaa, na mimi nikijaziwa maneno hayo huwa hayachagui mahali pa kutokea.

"Mimi si baba yake!" nikapiga kelele, nikisahau bado nimeshika maikrofoni, ikalia ule mlio wa kuumiza meno. "Mimi nampenda Nashipae! Kweli kweli! Ndio maana nilitengeneza hii filamu yote!"

Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Vichwa vyote viligeuka pamoja kuangalia nyuma, na pale nyuma alikuwa amesimama Nashipae na birika kubwa la chai, anangoja maoni yaishe agawe. Aliliweka birika chini kwa utaratibu sana. Akatoka nje.

Mzee Parmuat akanikaribia, akanitoa maikrofoni mkononi kama mtu anayemtoa mtoto kisu, na akasema, si kwa hasira, "Hayo maneno, kijana, mtu anakuja nayo nyumbani, na watu wazima wake. Haji nayo na jenereta."

Nikatoka. Nilimpata karibu na tangi la maji, amekunja mikono. Nilikuwa nimetayarisha pole moja ndefu, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Umeuliza kila mtu maoni. Umeuliza kwaya, umeuliza vijana, umeuliza Koko ambaye hata hajaiona. Mimi hujaniuliza."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa mimi, lakini huogopi kanisa lote?"

"Basi nakuuliza sasa," nikasema.

Akaangalia chini, kichwa kimeinama vile vile, na wallahi kama mkono wangu umewahi kujua mahali pa kukaa ni siku hiyo: niliuweka mgongoni. Akasema, "Hapana, Kyalo. Niko na mtu. Yuko Namanga, anaandikisha magari ya mizigo yanayovuka. Watu wao wanakuja kwetu Disemba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjanunua kamera. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekwambia, na tungeendelea kunywa chai." Halafu akaongeza polepole, "Pole sana."

Hiyo pole ndiyo iliyoniumiza. Kicheko cha kanisa zima nilikuwa nimekivumilia, hata cha yule aliyeanguka dirishani, lakini yeye hakucheka hata kidogo, alinihurumia kabisa kutoka moyoni, na nilisimama hapo na koti la mjomba nikitamani ardhi ya Kisaju ipasuke. Nikamwambia asante. Kwa nini nilisema asante hata sijui. Nikarudi ndani kukunja nyaya na Mbugua, kwa sababu deki ilikuwa ya kuazima na kuna mtu alikuwa anaingoja, na akina mama walituletea chai sisi wawili, vikombe vimejaa mpaka juu, na mkate, bila mtu kutucheka mbele yetu. Walingoja tutoke. Tulipofika barabarani tuliwasikia.

Ilinichukua miezi kumaliza hilo jambo moyoni, siwadanganyi. Nashipae aliolewa mwaka uliofuata na niliambiwa ilipendeza. Video yake ilipigwa na watu wengine, na nilishukuru. Mimi kamera sikuiacha, bado napiga harusi za watu mpaka leo, lakini niliapa viapo viwili na sijavunja hata kimoja. Cha kwanza, mila ya watu nitauliza wenyewe, sitauliza Mbugua. Cha pili, jambo la moyo wangu sitalipeleka tena kwa kundi la watu kabla sijalipeleka kwa mwenyewe.

Mke niliye naye nilimwomba kwa foleni ya maji, Kitengela, asubuhi, kila mmoja ameshika mtungi wake. Hakukuwa na muziki. Nilikuwa na mswaki mdomoni na nilimwambia hivyo hivyo, povu na kila kitu, kwa sababu nilijua nikingoja nimalize kusukutua nitaanza kutafuta ujanja. Akaniambia nimpe wiki moja afikirie. Nikangoja wiki nzima na sikumweleza mtu, hata Mbugua, na siku aliyorudi na jibu tulikuwa wawili tu, na hakuna mtu mwingine aliyelisikia.